Mtweve ni Mtu

Siku mliyoniaga pale karakana, nilipostaafu, mlinipa blanketi zito, saa ya ukutani na kiti cha kuegemea. Blanketi nalitumia, maana Njombe ni Njombe. Saa bado imo kwenye boksi lake, sioni faida ya kukumbushwa muda ambao sina la kuufanyia. Kiti amekichukua paka. Mimi sijui kukaa. Asubuhi nazunguka nyumba, nakaza bawaba ambazo hazijalegea, narudi jikoni, natoka tena kukagua viazi nilivyovikagua jana, mpaka binti yangu Yusta kaniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Nilimjibu kwamba kipo, na kwamba sikukipoteza mimi.

Ninyi nitawaambia ni nini. Siku ile, wakati soda zinagawiwa, kijana mmoja wa zamu ya mchana aliokota kipande cha bawa kutoka kwenye pipa la mabaki, akakipindua, akawaambia wenzake, "Hii nayo mtweve." Wakacheka kidogo, kama mtu anavyocheka neno alilolizoea. Nami masikio yangu yamelizoea. Kipande kikiwa na unyevu ndani, ni mtweve. Mtu akifungua kitambaa kabla ya wakati wake, amepiga mtweve. Sijui kwa nini siku ile halikunipita. Nikamwuliza yule kijana Mtweve ni nani. Akanijibu kwa adabu zote kwamba si mtu, Mama, ni aina ya kasoro. Soda yangu sikuimaliza.

Ndiyo sababu naandika. Habari za kupandishwa vyeo mtazikuta ofisini kama mna hamu nazo. Mimi nataka mjue jina hilo lilikuwa la nani kabla halijawa la kipande kibovu, kwa sababu mwenye jina ndiye aliyenifundisha kazi, na sitaki nife nikiwa mtu wa mwisho kujua hivyo. Itabidi mnivumilie nianzie Makambako.

Makambako ya wakati ule, kama ya sasa, ilikuwa mji wa kupitia. Malori ya Mbeya, malori ya Songea, malori ya Dar, kila mtu ana haraka, na upepo una haraka kuwashinda wote. Pale Lyamkena palikuwa na msafirishaji mmoja, Bwana Abdala, mwenye malori yake na uwanja wa kuyakarabati. Nilifika kwake nikitokea kwetu, upande wa Ilembula, nikiwa najua kulima na kushona, na kulima nilikuwa nimekuchoka. Akaniweka kwenye cherehani kubwa ya maturubai. Kazi ilikuwa nzuri ila ya kukaa, na mimi, nimeshasema.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na banda la faiba. Humo walitengeneza zile kofia za kukata upepo zinazokaa juu ya kichwa cha lori. Fundi wake alikuwa Mpangwa mmoja wa Lugarawa, mfupi, mwenye koti la sufu ambalo rangi yake ya kwanza haikujulikana tena. Huyo ndiye Mtweve. Alinikuta siku moja nakata turubai, akasimama mlangoni akiutazama mkasi wangu, halafu akamwomba Bwana Abdala anihamishe. Alisema anahitaji mtu ambaye mkasi wake hautafuni kitambaa. Hakuniuliza mimi. Kama angeniuliza ningekubali kabla hajamaliza swali.

Kwa wasioijua faiba ya zamani: ni kitambaa cha nyuzi za kioo, unakilaza ndani ya kalibu, unakipaka gundi inayoitwa rezini, unalaza kingine, unapaka tena, mpaka unene utoshe. Rezini ikikauka unatoa kitu kigumu, chepesi, kisichoshika kutu. Mabawa yenu ya kaboni ni watoto wa kitu hichohicho, ila wamesoma.

Siku ya kwanza Mtweve alinipa onyo moja tu. Alisema jioni nioge maji ya baridi, maji ya moto yatafungua ngozi na vumbi la kioo litaingia. Nilitoka pale upepo wa Makambako ukinikata masikio, nikafika nyumbani, nikatazama ndoo ya maji ya baridi, nikatazama sufuria iliyokuwa motoni. Nilioga maji ya moto. Kesho yake nilikuwa najikuna mpaka kwenye kope. Mtweve aliniangalia, akaendelea kukoroga rezini, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mashamba kama maji yalikuwa matamu. Hakurudia tena onyo hilo, na mimi sikuhitaji lirudiwe.

Alinifundisha mengi kwa namna hiyo. Alinifundisha kwamba rezini ina hasira zake: ukiizidishia dawa ya kukaushia inachemka na kupasuka, ukiipunguzia inabaki inanata hadi wiki ijayo. Alinifundisha kulaza kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa ipate njia ya kutokea. Alinifundisha kugonga. Kazi ikishakauka alitoa sarafu mfukoni, akaipitisha juu yake, tik, tik, tik, sikio limeinama. Faiba nzima inajibu, alisema, na faiba mbovu inanung'unika. Mahali tabaka zilipoachana, sauti inakufa. Nilichukua miezi kusikia tofauti, na tangu nilipoisikia sijaweza kupita mbele ya mlango, meza wala jeneza bila kugonga. Msibani hilo huleta maneno.

Juni ikifika na baridi yake, rezini ilikuwa inagoma kabisa. Hapo Mtweve alileta jiko la mkaa, akaliweka mbali na mapipa, akapanga makopo na vitambaa kulizunguka vikapata joto taratibu. Alikuwa na msemo wake kwamba kilichotoka baridini kinakaribishwa motoni kwanza, ndipo kinaombwa kazi. Nyumbani kwetu wote tulilelewa hivyo. Mgeni akiingia amelowa na ukungu humwulizi shida yake. Unamvua koti, unamsogeza jikoni kwenye moto, shida itajieleza yenyewe. Mtweve aliwafanyia vitambaa ukarimu huo, na kofia zetu za Juni zilikuwa nzuri sawa na za Novemba. Likumbukeni jambo hilo. Njia ile ilikuwa sahihi kwa kazi ile.

Na mjue alivyokuwa mkali kwa kazi yake mwenyewe. Mara moja tulimaliza kofia kubwa, tajiri wa watu anaisubiri nje na lori lake, Mtweve akagonga akasikia mnung'uniko mdogo chini ya ukingo. Hapakuonekana kitu. Bwana Abdala akamwambia mteja hatajua. Mtweve akachukua msumeno akaikata vipande viwili pale pale, kisha akasema sasa mteja anajua. Bwana Abdala alikaa siku kadhaa bila kumsalimia, halafu akaanza kuwaambia wateja kisa hicho kama sifa ya gereji yake. Ndivyo wafanyabiashara walivyo.

Miaka ikaenda. Karakana yenu ya mabawa ilipofunguliwa hapa Njombe, nilisikia habari zake redioni nikiwa na brashi mkononi, na brashi ile sijui niliiweka wapi. Ndege ndogo zisizo na rubani, za kupeleka damu na dawa kwenye hospitali za mabondeni, na mabawa yake yatatengenezwa hapahapa. Nilikwenda usaili wiki ileile. Mtweve hakutaka. Umri ulikuwa umekwenda, alikuwa anahesabu kurudi Lugarawa kwa mke wake na kahawa yake. Mimi ndiye niliyemsumbua. Nilimwambia ndege hizo zitapita juu ya paa lake, je, anataka zipite zikiwa zimetengenezwa na nani? Kesho yake akaomba nafasi. Wakampa mkataba wa chumba cha majora, kutunza kitambaa na kukiandaa.

Mashine mnaijua, lakini hamkuiona ilipofika. Mkono mrefu wa chuma unashuka juu ya kalibu, unalaza utepe wa kaboni ambao tayari una gundi yake ndani, unaupasha joto, unaukandamiza kwa rola, unakata, unarudi kuanza mstari mwingine, na hauchoki wala hauombi chai. Kamera yake inakagua kila utepe kama umekaa mahali pake. Ukivuka mstari wa taa za usalama inasimama papo hapo na kukungoja utoke. Sisi tuliotoka Makambako tukaiita Mama Mkwe: humkaribii, humkosoi, na akinyamaza ujue umekosea wewe. Siku za kwanza nilikuwa naizunguka nje ya mstari mpaka injinia akaniomba niende mahali pengine. Injinia wetu alikuwa Rehema, binti wa Tanga, mdogo kuliko Yusta wangu kwa sura, anayevaa soksi mbili mbili na kujua kazi yake vizuri. Aliona kwamba miguu yangu haitulii na masikio yangu yanatulia, akanipa ukaguzi wa mwisho. Nikapewa nyundo ndogo ya kugongea badala ya sarafu, na baadaye kifaa cha mawimbi ya sauti. Nilivipenda vyote viwili.

Mtweve alipendeza kumtazama miezi ile. Kila ndege iliporuka kwenda kwao, mkewe alimpigia simu kumwambia kitu chenu kimepita. Hakusema zaidi, akakata, kuokoa vocha. Mtweve alirudisha simu mfukoni na kuendelea kufuta meza, na kwa muda wa saa nzima hakuna mtu aliyeweza kumkasirisha.

Kisha ikaja Julai. Mnaojua baridi ya hapa sina la kuwaeleza, na mliotoka mikoa ya joto bado mnalia nayo. Nilikuwa nagonga bawa jipya, tik, tik, tik, na karibu na shina lake, pale linapoungana na mwili wa ndege, sauti ikafa. Nikarudi nyuma nikagonga tena. Ikafa tena. Nikalipitishia kifaa, nacho kikaonyesha doa lilelile. Rehema aliagiza likatwe. Tabaka ziliachana mkononi mwake kama majani ya kabichi.

Alifanya jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Hakupiga simu kwa wakubwa kuomba ushauri. Alitembea hadi uwanjani, ambako ndege ya Lugarawa ilikuwa imeshapakiwa, akasimamisha ndege zote hadi sababu ijulikane. Boksi la damu likahamishiwa kwenye gari, nalo gari likaingia kwenye milima ile na barabara ile. Tangu siku hiyo kila kitu kikaenda kwa gari. Hospitali zilipiga simu asubuhi na mchana, hawakulalamika, waliuliza tu, na kuuliza kwao kulikuwa kubaya kuliko malalamiko.

Rehema alichunguza kipande kwa darubini akasema ni unyevu. Vitone vidogo vya maji vilikuwa vimenaswa kati ya tabaka, na ndani ya tanuri la kukaushia mabawa viligeuka mvuke na kuzisukuma. Lakini maji yametoka wapi? Chumba cha mashine kilikuwa kikavu, vipimo vyake vinaonyesha hivyo. Friza zinazohifadhi majora ya utepe ule zilikuwa nzima. Kutoka juu yakaanza maneno kwamba tatizo ni Njombe yenyewe, ni baridi na ukungu, huenda mashine ihamishiwe mji wa joto. Watu walianza kusalimiana kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa silali vizuri, na nikilala naota nagonga.

Asubuhi moja nilifika mapema kabla ya zamu kwa sababu nyumbani nilikuwa nawasumbua watu. Nilizunguka karakana nzima. Nilipofika kwenye kile kiukumbi cha mbele ya friza nikasikia harufu ya mkaa. Mtweve alikuwa amekaa kwenye kigoda, jiko mbele yake, birika la chai linachemka na kutoa mvuke hadi dari. Na kulizunguka jiko, kwa umbali aliokuwa ameupima kwa akili yake nzuri, alikuwa amepanga majora ya kaboni yaliyotoka kwenye friza, yamevuliwa mifuko yao ya plastiki, mifuko imekunjwa vizuri pembeni.

Alifurahi kuniona. Nikamwamkia, akanikaribisha chai, akanieleza bila kuulizwa. Yanatoka kwenye barafu haya, alisema, ukiyapeleka hivyo Mama Mkwe atayakataa. Aliambiwa jora lazima lipate joto kabla ya kutumika. Kwa kawaida linachukua siku nzima, na watu wanalingoja, basi yeye anayavua makoti na kuyaotesha moto kidogo.

Nilishika kikombe sikunywa. Mnajua ninyi nyote sasa, mtoto wa zamu ya kwanza anajua: jora lililotoka kwenye friza linapata joto likiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa. Ukiufungua likiwa baridi, unyevu wa hewa unalikalia, kama unavyokalia kioo cha dirisha asubuhi. Na hapa palikuwa na birika. Mtweve aliambiwa kuhusu joto. Kuhusu mfuko aliambiwa pia, nadhani, lakini kwa haraka, katikati ya mengine, na mtu aliyelelewa kumvua mgeni koti hawezi kuona ubaya wa kumvua.

Nilimwomba apitishe kidole juu ya jora lililo karibu naye. Akapitisha. Akakitazama kidole, akakifuta kwenye koti, akapitisha tena kwenye jora jingine. Nilimwona akielewa, taratibu, kuanzia usoni kushuka hadi kwenye mabega, na nilitamani niwe mahali popote pengine duniani.

"Ndiyo yale ya kabichi," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

Nilizungumza haraka haraka, kama kawaida yangu nikiogopa. Nilimwambia nitakwenda mimi kwa Rehema, nitamweleza kwamba kiukumbi kina unyevu, kwamba walinzi nao huota moto pale, kwamba maelekezo hayakutolewa vizuri, na yote hayo ni kweli. Yeye akae tu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akalitoa birika, akamwagia maji kwenye mkaa, na kiukumbi kikajaa mvuke na majivu.

"Ukilisema wewe utalipunguza," aliniambia, "kwa sababu unanipenda. Na likipungua hawatajua ni mabawa yapi. Mimi ndiye niliyeyakaribisha, nayajua yote. Nitalisema mimi."

Tulikwenda pamoja. Ofisini Rehema alimwita Baba, akamvutia kiti, Mtweve hakukaa. Alisimama amevaa koti lake, akaeleza tangu baridi ilipoanza: jora hili aliliotesha, hili hakuliotesha kwa sababu siku hiyo alikuwa na homa, hili alilifungua likakaa muda mrefu maana mashine ilikuwa na matengenezo. Hakutaja walinzi. Hakutaja mtu yeyote. Rehema aliandika huku ameibana midomo, na alipomaliza kuandika alisema kosa la maelekezo ni lake, ilikuwa kazi yake kuhakikisha yameeleweka na hakuhakikisha. Mtweve akamjibu kwamba hilo ni lake Injinia alibebe mwenyewe, yeye amekuja na la kwake.

Kwa maneno yake tuliyatoa mabawa yote ya majora yale. Mawili yalikuwa yameshafungwa kwenye ndege. Moja la hayo lilikuwa limekwenda Lugarawa na kurudi mara nyingi. Tulilikata uwanjani, mchana, watu wote wamesimama, na msumeno ulipofika karibu na shina lilifunguka lenyewe. Nilimtafuta Mtweve kwa macho nikamwona anatazama juu, upande wa kwao, hakuna kitu angani. Mabawa mengine tuliyagonga, tukayapima, yakawa mazima. Ndege zikarudi kazini. Mashine ikabaki Njombe, na ninyi mkaajiriwa.

Yeye, baada ya kosa lile, mkataba wake haukumruhusu kurudi chumba cha majora. Rehema alihangaika kumtafutia nafasi nyingine, hata ya bustani. Mtweve alishukuru akasema bustani anayo kwao. Siku aliyoondoka nilimsindikiza hadi stendi, tukaongea habari za mbolea. Nilikuwa na hasira, sikuwa na wa kumkasirikia, na hasira ya namna hiyo haina pa kukaa.

Jumatatu iliyofuata likabandikwa mlangoni tangazo kuhusu mifuko ya majora, kwa lugha ya kiofisi, refu, ambalo hakuna aliyeweza kulisema kwa pumzi moja. Basi sisi tuliokuwapo tukawa tunaambiana, kumbuka Mtweve. Tulilisema kwa heshima. Tulikuwa tumemwona amesimama mle ofisini. Wakaja wengine ambao hawakumwona, likawa usipige mtweve. Wakaja wengine tena, herufi kubwa ikaondoka, mtu akaondoka nayo.

Wiki mbili baada ya soda yenu nilipanda basi la Ludewa. Yusta alisema baridi itaniua, nikamwambia kukaa kutatangulia. Mtweve amezeeka, haoni vizuri, nyumba yake iko chini kidogo ya hospitali ya misheni, ina kahawa mbele na mahindi nyuma. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana kwa simu, na kwenye simu mtu hasemi kitu. Alinitambua kwa mwendo. Alisema hakuna mwingine anayeingia uani kwake kama anafukuzwa.

Nilimweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima: kwamba jina lake limegeuzwa, kwamba vijana hawajui hata kama ni jina, kwamba nitarudi niwaambie waache, nikiweza nitamwomba Rehema aweke katazo. Sauti yangu ilikuwa inapanda. Alingoja ishuke.

"Wakilisikia hilo neno," aliuliza, "wanaufungua mfuko?"

"Hawaufungui."

"Hata mashine ikiwa inangoja?"

"Hata ikingoja siku nzima."

Akafikiri. Mkewe aliyekuwa anapepeta mahindi upande wa pili alikuwa ameacha kupepeta.

"Basi waache walitumie," alisema.

Kwa hiyo sikuja kuwakataza. Litumieni. Yeye mwenyewe kalitoa, na kalitoa akijua linakofanya kazi. Mimi nimelikubali kwa shida, na sidhani nitalikubali lote. Ninachowaomba ni kwamba mkimfundisha mgeni maana yake, mwambieni ni jina la fundi wa Lugarawa aliyeingia ofisini kwa miguu yake akayataja mabawa yake mabovu moja moja, wakati angeweza kunyamaza.

Nilipoaga siku ile alinisindikiza hadi mwisho wa kahawa, ameshika mkono wangu kwa sababu ya macho. Pale akasimama.

"Wao waache," alisema. "Ila wewe, mwanangu. Wewe umewahi kulitumia?"

Nikamwambia sijawahi, hata siku moja.

Akasema alijua, alitaka tu kunisikia nikisema.